Mirambo: tunamheshimu kwa lipi hasa?

#1 Nzega_Njiapanda

Wakuu, heshima kwenu.

Tabora kuna kambi ya jeshi ya Mirambo na shule ya Mirambo, Dar katikati ya mji kuna Mtaa wa Mirambo. Vitabu vya shule vinamtaja kwenye mstari mmoja na akina Kinjekitile na Mkwawa. Sasa naomba tuliangalie jambo hili bila ushabiki wa kabila.

Huyu mtemi wa Uyowa, Unyamwezi, kuanzia miaka ya 1860 hadi alipokufa 1884, alijenga dola kwa kuvunja maboma ya watu, kuua watemi na kugawa mateka. Wengi walioumia hawakuwa Waarabu wala Wazungu. Walikuwa Wanyamwezi wenzake, Wasumbwa, Wavinza. Ndiyo, alikuwa na akili ya vita. Ndiyo, alisimamisha misafara ya matajiri wa pwani. Lakini kijiji kilichoamka alfajiri kikakuta rugaruga, wapiganaji wake, wamezunguka boma, hakikufaidi chochote na akili hiyo.

Swali: mvamizi wa namna hii anastahili kuenziwa leo? Na kama anastahili, ni kwa kitu gani mahususi? Jibu la "alikuwa shujaa" halinitoshi.

#2 SimbaWaUyowa

Anastahili na zaidi. Alikataa kunyanyaswa na Waarabu ndani ya nchi yake, akapigana na Wajerumani, akaunganisha watu waliokuwa vipande vipande. Dola zote duniani zimejengwa hivyo hivyo. Wamongolia wana Genghis Khan kwenye noti zao na wamemjengea sanamu kubwa ya chuma juu ya farasi, hakuna anayewauliza maswali. Kwa nini sisi tu ndio tujikosoe?

#3 BibiTarehe

Mkuu #2, tuanze na tarehe. Mirambo hakupigana na Wajerumani hata siku moja. Alikufa tarehe 2 Desemba 1884 baada ya kuugua koo. Wiki hizo hizo Mjerumani Carl Peters alikuwa Usagara akisainisha watemi mikataba yake ya kuchukua nchi, na hati ya ulinzi kutoka Berlin ilitoka tarehe 27 Februari 1885, Mirambo akiwa kaburini.

Unayemfikiria ni Isike, mtemi wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, ambaye alikuwa hasimu wa Urambo, dola ya Mirambo. Huyo ndiye aliyezuia Wajerumani karibu na Tabora, na Januari 1893 boma lake lilipoingiliwa na ofisa Mjerumani Tom von Prince akalipua ghala la baruti akiwa ndani. Ukimpa Mirambo sifa ya Isike unamwibia mtu aliyeilipia kwa mwili wake.

Na kuhusu Genghis Khan: wanaoulizwa ni wengi. Wamongolia wanamwenzi kama mwasisi wa taifa lao, lakini nenda Iran ukaulize habari za Nishapur mwaka 1221 uone kama kuna mtaa wa jina lake.

#4 SimbaWaUyowa

Sawa, la Wajerumani nimelipokea, asante. La Waarabu je? Hilo nalo mtalifuta?

#5 Kumbukumbu_Wima

Halifutwi, ila liwekwe mahali pake. Vita vya 1871 havikuanzia hewani.

Miaka kumi nyuma, mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alitoza kodi bidhaa za wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wamejenga Tabora. Wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa, ambaye hakuwagusa. Mnywa Sere akahangaika porini na kupigana nao mpaka akauawa 1865. Kila mtemi wa eneo lile alielewa: ukiwagusa mfuko, wanakutafutia mrithi. Mirambo alikuwa kijana anayekua wakati huo huo, na njia ya kwenda Ujiji ilipita kwake.

Mwaka 1871 msafara wa Ujiji ulifika kwake. Kwa maelezo ambayo msafiri Stanley aliyapata kwa Waarabu, Mirambo alidai kasiki tano za baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Alipolipwa, akasema hata hivyo hapiti mtu. Weka akilini kwamba habari hii inatoka upande mmoja. Lakini hata ukipunguza, unaona alichokuwa anataka: silaha na mamlaka juu ya njia. Waliofuata kumshambulia walikuwa zaidi ya watu 2,000, Stanley akiwa miongoni mwao kwa sababu alitaka kupita kumfikia Livingstone.

Walichukua boma la Zimbizo kirahisi. Mwarabu mmoja, Saud bin Said, akaendelea na watu kama 500 hadi Wilyankuru, akakamata pembe na mateka. Kosa ni njia ya kurudi: mizigo mizito, watu wametawanyika wanafurahia ngawira, nyasi ndefu pande zote mbili za njia. Watu wa Mirambo walikuwa wamelala humo wanawasubiri. Saud akafa pale na wengi wa wenzake. Waliobaki walikimbia usiku hadi Mfuto, kila mtu na roho yake. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah alitoka na wachache kumkabili, watu wake wakamkimbia, akauawa. Wengine walijifungia kwenye matembe yao wakaangalia sehemu ya mji ikiungua.

Ilibidi Stanley azunguke kusini kupitia Ukonongo ili afike Ujiji. Vita viliendelea hadi katikati ya miaka ya 1870, na Sultani Barghash alituma askari kutoka Zanzibar, nao hawakummaliza.

Kwa hiyo ndiyo, aliwashinda. Lakini tusiseme alipigania kukomesha utumwa. Aligombea njia, hongo (ushuru wa kupita), na nani awe na sauti Unyanyembe. Mateka alichukua kama walivyochukua wao.

#6 FundiMagobore

Naongezea upande wa vyuma, maana watu wanazungumza "akili ya vita" bila kuona ilivyokuwa.

Bunduki ya rugaruga ilikuwa gobore la kushindilia kwa mbele, mengi ya gumegume. Kulijaza: unapima baruti, unaimimina mtutuni. Unasukuma kitambaa au nyuzi za gome, unashindilia kwa ufito mpaka ikae. Unaweka risasi, na kama huna, vipande vya chuma au kokoto. Kitambaa tena, unashindilia tena ili risasi isitoke mtutu ukiinama. Kisha unaweka baruti kidogo kwenye kisahani pembeni ya mtutu, unavuta nyundo yenye jiwe nyuma, ndipo uko tayari. Mtu anayebeba baruti huru kwenye pembe ya ng'ombe anatumia karibu dakika nzima kwa risasi moja. Zaidi ya mita 70 au 80 hapigi alichokilenga ila kwa bahati.

Mambo yanayoharibika: baruti ya biashara inanyonya unyevu, kwa hiyo masika gobore linatoa cheche tu halilii. Jiwe likichakaa halitoi moto. Ukizidisha baruti kwa tamaa ya kupiga mbali, mtutu wa bei rahisi unapasuka usoni kwako. Na ukishapiga moja, mwenye mkuki aliye mita 30 anakufikia kabla hujamaliza kushindilia.

Sasa unganisheni na mbinu zake. Vita vya kiangazi. Mwendo wa usiku, shambulio la alfajiri kabla watu hawajatoka bomani, ili risasi ya kwanza ipigwe karibu sana. Kuvizia kwenye nyasi, maana pale risasi moja kwa kila mtu inatosha kisha mikuki inamaliza kazi. Boma la magogo lililozungushiwa minyaa lilikuwa gumu kuvunja kwa magobore, ndiyo maana aliingia kwa kushtukiza au aliwazingira mpaka maji yakawaishia. Paa za nyasi alizichoma. Tembe la udongo juu halishiki moto, na hilo ndilo lililowaokoa wengi Tabora.

Stanley alipokutana naye Aprili 1876 wakachanjiana damu, Mirambo alimweleza kwamba vita vya uwanjani anawapenda vijana wasio na wake, na watu wazima anawaweka kwenye vita vya maboma. Vijana wana mbio na hawajajifunza kuogopa. Huyo si mtu aliyekuwa anabahatisha.

#7 Nzega_Njiapanda

#6, darasa safi, asante. Ila umenisaidia mimi kuliko #2. Hiyo "alfajiri kabla watu hawajatoka bomani" maana yake ni kwamba ndani kuna watoto na wazee. Huwezi kuisifu mbinu ukaliacha hilo nje ya hesabu.

#8 FundiMagobore

Sijaisifu. Nimeieleza. Mhandisi anaweza kueleza daraja lilivyoanguka bila kulishangilia.

#9 Kumbukumbu_Wima

Niseme kuhusu rugaruga wenyewe, maana ndipo dola ile ilipokuwa na nguvu na pia ilipooza.

Walitoka wapi? Vijana wasio na ukoo wa kuwasimamia, mateka wa vita vilivyopita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioachwa njiani. Sehemu ya utaratibu wao ilitoka kwa Wangoni waliofika kaskazini mwa Unyamwezi, wale waliojulikana kama Watuta. Mapokeo yanasema Mirambo mwenyewe akiwa kijana aliishi mikononi mwao. Mavazi yao yalikusudiwa kutisha: nguo nyekundu, manyoya, na mapambo yaliyotokana na miili ya waliouawa.

Watu hawa hawakulipwa mshahara. Walilipwa ngawira: nguo, mifugo, wanawake waliotekwa. Maana yake kiongozi lazima awapatie vita vipya kila kiangazi. Akikaa misimu miwili bila kushambulia, wanahamia kwa mwingine au wanaanza kupora watu wake mwenyewe.

Alipomshinda mtemi, mara nyingi alimuua na kumweka ndugu wa marehemu aliyekubali kutii, atoe pembe na wapiganaji. Njia hiyo ni rahisi na ya haraka. Ubaya wake ulionekana alipofariki: kila mrithi aliyewekwa alikuwa bado na ukoo wake, nchi yake na kisasi chake. Mpandashalo aliyemrithi Urambo hakuweza kuwashika. Ndani ya miaka michache dola ikarudi kuwa vipande. Kwa hiyo hata ile hoja ya "aliunganisha watu" ina tatizo. Aliwaunganisha kwa urefu wa maisha yake.

#10 SimbaWaUyowa

Lakini mkubali pia kwamba ndani ya nchi yake njia zilikuwa salama. Urambo ilikua mji, watu walihamia pale kutafuta ulinzi. Mmisionari Southon alikaa kwake tangu 1879 na hakuguswa. Mfanyabiashara Mswisi, Broyon, alikuwa kama mkwe. Mtu mkatili tu hafanyi hivyo, huyu alikuwa anatafuta njia ya kuuza pembe bila kupitia mikono ya Tabora. Hiyo ni sera. Na kwa zama ambazo konsuli wa Uingereza Zanzibar alikuwa anakadiria bunduki 80,000 hadi 100,000 kuingia bara kila mwaka, mtemi asiyejenga jeshi alikuwa anasubiri kuliwa.

#11 BibiTarehe

Makadirio hayo ya bunduki ni ya mwishoni mwa miaka ya 1880, Mirambo ameshakufa. Ila hoja yako inasimama, bunduki zilikuwa zinaongezeka tangu mapema.

#12 SimbaWaUyowa

Bibi, wewe ukifa kaburi lako tuliandike tarehe tatu kwa tahadhari.

#13 Kalenga_Juu

Hodi wadau. Mmemkaba Mirambo peke yake, wakati swali la #1 linamgusa na Mkwawa.

Mkwawa tunamwenzi kwa kuwashinda Wajerumani Lugalo, Agosti 1891. Kamanda wao Zelewski alikuwa anatembea na safu ndefu, bunduki za askari nyingi hazikuwa zimejazwa, mizinga imefungwa juu ya punda. Wahehe wakatoka kichakani kwa mikuki umbali mfupi, mchezo ukaisha kwa muda mfupi sana, na bunduki zipatazo 300 zikachukuliwa. Fuvu la Mkwawa limerudishwa 1954, liko Kalenga, watu wanatoa heshima.

Lakini kabla ya Lugalo? Munyigumba baba yake na yeye mwenyewe walipanua Uhehe kwa mikuki hiyo hiyo. Wasangu walifukuzwa Usangu, mtawala wao Merere akakimbilia Usafwa. Wagogo na Wasagara walivamiwa ng'ombe na watu. Wajerumani walipokuja, Merere alijiunga nao. Tunapenda kumwita msaliti, ila kwa Msangu wa 1896 aliyekuwa anarudi kwao baada ya miaka ugenini, Mjerumani ndiye aliyemrudishia nyumba. Uchungu wake haukuwa wa uongo.

Mimi ninamheshimu Mkwawa, na sitaacha. Ninamheshimu kwa miaka saba ya kukataa, kuanzia Lugalo hadi alipojipiga risasi Julai 1898 asishikwe. Simheshimu kwa yale ya Usangu. Mtu mmoja anabeba yote mawili.

#14 Nzega_Njiapanda

#13, umekuwa wa kwanza kunijibu swali lilivyoulizwa. Lakini unaona ugumu: sanamu haina nafasi ya kuandika "kwa hili ndiyo, kwa lile hapana". Mtaa unaitwa jina tu.

#15 MwanaKindu

Bandugu, salamu kutoka Maniema. Ninyi mnazungumza Mirambo, kwetu jina ni Tippu Tip, Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe na watumwa.

Huku mambo hayana upande mmoja. Kiswahili tunachosema, mpunga unaolimwa kando ya Lualaba, Uislamu wa Kasongo, vyote vilikuja na watu wake. Kuna familia zinajivunia kutoka kwa wangwana, watu wake wa pwani. Na kuna vijiji vinavyokumbuka kuchomwa. Mara nyingine ni familia moja hiyo hiyo.

Kuhusu njia zake: si kila mahali alitumia bunduki. Kwa mtawala Nsama wa Itawa alitumia, akapigwa mishale lakini akashinda, na kwa maelezo yake mwenyewe alipata pembe karibu frasila 2,000. Frasila ni kilo 16, hesabuni wapagazi wangapi kama kila mmoja anabeba frasila mbili. Wengi wa waliobeba hawakuchagua kubeba. Lakini kwa Kasongo Rushie, Utetela, alidai bibi yake alikuwa dada wa mtawala yule, aliyetekwa zamani. Mzee akamwamini, akamkabidhi nchi bila risasi. Kisha kila pembe ilikuwa yake.

Halafu 1887 alikubali kuwa gavana wa Leopold, mfalme wa Wabelgiji, kule Stanley Falls. Wabelgiji walipomaliza kumtumia, 1892 hadi 1894 walipiga vita na watu wake, Sefu mwanawe akafa humo. Ngongo Lutete aliyewasaidia Wabelgiji, ofisa mmoja wao akampiga risasi 1893. Vitabu vya wakoloni vikasema Leopold alikuja kutukomboa na utumwa wa Waarabu. Kwa hiyo mkisema "tusimheshimu Tippu Tip", angalieni mnasema pamoja na nani.

#16 ShanganiChini

Waalaykum salaam nyote. #15 umesema jambo kubwa hapo mwisho, ila lisiwe kinga.

Nyumba ya Tippu Tip ipo Shangani, Zanzibar, wageni wanapelekwa wakaitazame mlango. Mwongozaji akimaliza habari ya nakshi, hasemi kitu chengine. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba kufikia 1895 alikuwa na mashamba saba na watumwa 10,000. Mlango ule umelipiwa na watu hao. Kwamba Leopold alikuwa muovu zaidi haimpunguzii Hamed hata mtumwa mmoja.

Mimi sitaki nyumba ivunjwe, naomba paandikwe. Mlango ni kazi ya fundi, na fundi anastahili sifa yake. Mwenye nyumba ni habari nyengine.

#17 SimbaWaUyowa

Kwa hiyo mlango tuusifu, mwenye mlango tumtukane. Na Mirambo je, tumsifu kwa barabara?

#18 ShanganiChini

Sijamtukana mtu, ndugu yangu. Nimetaja idadi.

#19 Mgunda_wa_Kiwele

Nimesoma uzi mzima, hakuna aliyemtaja Nyungu ya Mawe. Huu ni ushahidi kwamba tunaenzi jina alilolikuza Stanley, si kazi iliyofanyika. Stanley alimfananisha Mirambo na Napoleon, magazeti ya Ulaya yakabeba, na sisi tukaokota huko.

Nyungu alitoka ukoo wa watemi wa Unyanyembe, akaondoka baada ya Mnywa Sere kuuawa 1865. Alikuwa na jicho moja. Yeye naye aliishi kwa rugaruga, na ukatili wake haukuwa pungufu. Makao yake yakawa Kiwele, Ukimbu. Tofauti ni alichofanya baada ya kushinda. Ukimbu ulikuwa na vitemi vingi vidogovidogo. Hakuvirudisha kwa ndugu wa waliouawa. Alivikusanya makundi makundi, kila kundi akaliwekea mtwale (msimamizi) wake mwenyewe, mtu asiye na ukoo pale, anayeishi pale pale, kazi yake kukusanya pembe zote na kuzileta Kiwele. Mtwale hana wajomba wa kumkimbilia akiasi. Anajua kabisa nani kampa cheo.

Nyungu alikufa Desemba 1884, mwezi mmoja na Mirambo. Urambo ikaanza kupasuka. Kiwele alirithi binti yake, Mgalula, na watwale wakaendelea kuleta pembe. Dola ilisimama zaidi ya miaka kumi, mpaka Wajerumani.

Kama kipimo ni kujenga kitu kinachodumu, Nyungu kamshinda Mirambo mbali. Kama kipimo ni huruma, wote wawili wanaanguka. Mbona mmoja ana mtaa na mwingine hana?

#20 Kumbukumbu_Wima

Hoja nzito, ila naipinga kidogo. Nyungu alikuwa nje ya njia kuu ya Ujiji, alipata nafasi ya kupanga. Mirambo alikaa katikati ya njia mbili, ya Ujiji na ya kwenda Karagwe na Buganda, na alikuwa na Tabora mlangoni. Kutuma watu wake kukaa kila mahali kungemmaliza wapiganaji. Kuweka ndugu wa marehemu kulikuwa njia ya mtu mwenye haraka na maadui wengi.

#21 Mgunda_wa_Kiwele

Nyungu naye alikuwa na njia: ile ya kusini ya kutoka Ugogo kuingia Unyanyembe ilimgusa, na alitoza hongo. Alikuwa na Waarabu wa kupigana nao pia. Haraka si kisingizio cha kutosha.

#22 Hamburg_Kusini

Wakuu, niongeze upande wa majina ya mitaa, kwa kuwa Ujerumani wamekwama kwenye swali hili hili miaka mingi.

Carl Peters aliyetajwa na #3 ndiye aliyewanyonga Waafrika wawili, Mabruk na Jagodia, kule Kilimanjaro. Serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi 1897. Baadaye akasafishwa jina, wakati wa Wanazi akawa shujaa kabisa, mitaa ikapewa jina lake. Berlin kulikuwa na Petersallee. Watu walipolalamika, mwaka 1986 waliamua jina libaki lile lile ila lihesabiwe ni la Hans Peters, mtu mwingine kabisa. Kibao hakikubadilika, kilichobadilishwa ni maana yake tu kwenye karatasi. Imechukua mpaka Agosti 2024 ndipo sehemu moja ya mtaa huo ikaitwa Maji-Maji-Allee na nyingine Anna-Mungunda-Allee.

Na Wissmann, kamanda wa Wajerumani huku kwetu: sanamu yake ilisimama Dar, Waingereza wakaiondoa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, na eneo hilo 1927 wakaweka sanamu ya askari wa shaba ambaye tunamwona mpaka leo. Sanamu ya Wissmann ikaletwa Hamburg ikasimamishwa chuoni. Wanafunzi waliivuta chini kwa kamba miaka ya 1960.

Ninachotaka kusema: hatuwezi kuwaambia Wajerumani kwamba damu ya watu wetu inatosha kuondoa jina, halafu damu ya Wavinza tukaiita "mazingira ya wakati ule".

#23 SimbaWaUyowa

Hapa nakataa kabisa. Peters alikuja kutoka ng'ambo kuchukua nchi kwa karatasi asiyoielewa aliyeisaini. Mirambo alikuwa mtemi kwao, anapigana na majirani wenye silaha kama zake na nia kama yake. Msiwaweke kapu moja. Mvinza angeweza kushinda vita ile. Mzigua wa 1889 mbele ya bunduki ya Maxim hakuwa na nafasi hiyo.

#24 Kalenga_Juu

#23 hapo umegusa kitu. Tofauti ya nguvu ni sehemu ya hukumu. Ila kwa mwanamke aliyegawiwa kama ngawira, silaha za mume wake zilikuwa sawa na za adui au hazikuwa sawa, yeye kagawiwa.

#25 FundiMagobore

Natoka nje ya mada kidogo. Kwenye habari za Mirambo yumo Carter, Mwingereza aliyeuawa Mpimbwe 1880 pamoja na Cadenhead. Huyu ndiye aliyeshushwa Msasani 1879 na tembo wanne kutoka India, mradi wa Leopold wa kuona kama tembo wanaweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Ndorobo (mbung'o) hakuwasumbua tembo kama walivyohofia wenye mradi, tembo walichoshwa na mizigo na mwendo. Waliomuua Carter walikuwa rugaruga wa Mirambo na wa mshirika wake, mtemi Simba, wakivamia boma ambalo yeye alikuwa amelala humo. Kirk, konsuli wa Uingereza pale Zanzibar, aliyekuwa ameanza kumwona Mirambo kama mtu wa kufanya naye kazi, akageuka. Shambulio moja la ngawira likaharibu sera ya Mirambo ya miaka kadhaa. Ndilo tatizo la jeshi linalolipwa kwa kupora: mwenye dola hachagui tena linapogonga.

#26 Nzega_Njiapanda

Wakuu nashukuru, uzi umeshiba. Nimeelewa msimamo wa kila mmoja, sijaona tulipokubaliana. Mimi bado naona jina libaki kambini, huko ndiko linakofaa, lakini kitabu cha darasa la saba kiandike pia habari ya ngawira na watemi waliouawa, kwa majina ya nchi zao. #2 anaona hilo ni kumchafua.

Swali la mwisho kwa #19: huyo Mgalula alifanyaje Wajerumani walipofika? Nilisikia alipigana nao akalipua boma 1893.

#27 SimbaWaUyowa

Sioni ni kumchafua. Naona muandike na ya Tabora 1871 kwa urefu ule ule.

#28 Mgunda_wa_Kiwele

Hapana mkuu, umemchanganya na Isike. Mgalula alijisalimisha 1895 bila vita, na Wajerumani wakaivunja himaya ya Kiwele vipande, kila mtwale akahesabiwa mtawala peke yake.

#29 BibiTarehe

1895 ni sahihi.